Barua Mbili za Mama Maabara

Msimu wa majibu ya vyuo ukifika, duka la uchapaji halikauki watu. Wanaingia wazazi na watoto wao, wengine wameshikana mikono kama wanaokwenda kwa daktari. Wanamtajia mchapaji namba ya mtihani tarakimu moja moja, kisha wote wanakikodolea macho kioo cha kompyuta kana kwamba kitasema. Binti aliyekuwa akiwachapia alikuwa ametimiza miaka sita kazini kwenye kiti cha mchapaji. Alijua kumpongeza aliyepata bila kumchoma aliyekosa, ambaye mara nyingi alikuwa amesimama nyuma kwenye foleni ileile. Barua chungu nzima zilikuwa zimepita mikononi mwake, na hakuna hata moja iliyowahi kumtoa jasho.

Asubuhi ile alichapa barua moja ikambidi asimamishe kazi. Ilikuwa ya mama yake.

Na wala haikuwa ya kwanza. Siku tisa kabla, chuo cha ufundi kilichokuwa mtaa wa pili kutoka kwao kilimkubali mama huyo kusomea stashahada ya ufundi wa maabara. Sasa chuo kikuu nacho kilikuwa kimemkubali, shahada ya ualimu wa sayansi, miaka minne, katika mji ulio mbali kiasi cha nusu siku kwa basi. Binti aliisoma ile barua mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye bahasha mpya aliyoilipia mwenyewe, halafu akamwita mteja aliyefuata.

Nyumbani baba yake alimwita Katibu, maana karatasi zote za familia, kuanzia vyeti vya kuzaliwa hadi risiti za maji, alizitunza yeye. Mama yake naye alikuwa na jina la kazi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari: kuosha chupa, kupanga mirija, kupima na kuchanganya dawa za majaribio, kufuta meza. Walimu walikuja na kuhama, yeye alibaki. Wanafunzi walimwita Mama Maabara, na hata wazee wa mtaani wakasahau kuwa alikuwa na jina lingine.

Habari ya kusoma ilianza miaka sita nyuma, kwa sababu ya chupa ya tindikali. Mwalimu mmoja kijana, mgeni kazini, alikuwa mbele ya darasa, ameshika jagi la maji, anataka kuyamimina juu ya tindikali kali. Mama Maabara alitua ndoo yake chini, akapita katikati ya madawati, akamshika kiwiko.

"Samahani, mwalimu," alimwambia. "Tindikali ndiyo inayoingia kwenye maji, taratibu. Ukigeuza, itakurukia usoni."

Yule mwalimu alikuwa muungwana. Alifungua kitabu palepale, akasoma, akamshukuru mbele ya wanafunzi hamsini. Toka siku hiyo wanafunzi wakawa wanakwenda kwenye sinki na madaftari yao, na Mama Maabara anawaeleza huku mikono imejaa povu. Mambo yakamfikia mkuu wa shule, naye akamwita ofisini.

"Wewe ni mhudumu," mkuu alisema. "Ukieleza kitu kikawa sicho, mimi nitajibu nini?"

"Nimeeleza kipi kisicho?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimekuita kwa upole. Lakini huna karatasi, mama."

Mama Maabara hakubishana. Masomo aliyaacha kidato cha pili, mama yake alipopooza na nyumba ikakosa mtu wa kumgeuza kitandani. Alipotoka ofisini siku ile alikuwa na miaka thelathini na saba, na alikwenda moja kwa moja kwenye duka la uchapaji kumuuliza bintiye jinsi ya kujiandikisha mtihani kwa kujitegemea. Katibu alidhani ni utani. Mwezi uliofuata akamkuta mama yake mezani, amefungua madaftari ya zamani ya bintiye huyohuyo, anasahihisha makosa aliyoyaacha Katibu humo akiwa na miaka kumi na sita. Hesabu zilimwangusha mara mbili. Mara ya tatu alizishinda, akaendelea hadi mtihani wa kidato cha sita. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na barua mbili.

Kikao kilifanyika saluni kwa baba, Jumatatu, siku ambayo hafungui. Baba alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi kazini na machache nyumbani, na saluni yake ilikuwa na viti viwili vya kuzunguka na kioo kinachokaa ukuta mzima. Alimwonyesha mkewe kiti cha dirishani.

"Wote wanaokaa hapo hunyanyuka wakiwa na kichwa chepesi," alisema. "Kaa, tuone."

Mama alikaa. Mdogo wake Katibu, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ileile ya Mama Maabara, alikaa kwenye kiti cha pili na kuanza kuzunguka nacho mpaka baba alipomtazama. Katibu alibandika karatasi kwenye kioo. Alikuwa ameichora vizuri, safu mbili zenye mistari iliyonyooka. Upande wa chuo cha ufundi: miaka miwili, masomo ya jioni na Jumamosi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, shule anayofanyia kazi itamlipia nusu ya ada, kazi haipotei, na akimaliza anapanda daraja la mshahara. Upande wa chuo kikuu: miaka minne, kulala bwenini, kuacha kazi, na ada ya mwaka mmoja inayozidi mshahara wake wa mwaka mzima.

Baba aliitazama karatasi ile. "Kama mambo ndiyo haya, kikao ni cha nini?"

"Cha kumsikiliza mama," mdogo wake alisema. "Halafu mimi nina swali. Mama akienda chuo, nani atasaini ripoti zangu? Maana baba huwa anasoma mpaka maoni ya walimu."

Walicheka, hata mama. Kisha mama akasimama, akaisogelea karatasi kwenye kioo, akaisoma safu ya kushoto hadi chini, na ya kulia hadi chini, kama alivyokuwa akisoma lebo za chupa kabla ya kuzigusa.

"Umeifanya vizuri, Katibu," alisema. "Lakini mimi sinunui kiatu kwa kusoma sanduku lake. Nataka kukiingiza mguu. Twende tukavione, mimi na wewe."

Chuo cha ufundi walikwenda Jumatano, baada ya kazi. Kilikuwa kizuri, na Katibu alifurahi kukiona kizuri. Sakafu zilimeta. Mkufunzi mkuu, mzee mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, aliwatembeza kila chumba na kumwonyesha Mama Maabara mizani mipya inayopima hadi uzito wa nywele. Alizungumza naye kama mtu wa kazi anavyozungumza na mtu wa kazi. Alimuuliza huwa anahifadhije dawa zinazoharibika na mwanga, na aliposikia jibu aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Mtu kama wewe," alisema, "mwaka wa kwanza utakuwa kama unarudia mambo unayoyajua."

"Na wa pili?"

"Wa pili utajifunza mashine. Ukitoka hapa, maabara yoyote itakupokea."

"Nikitoka hapa, naweza kufundisha?"

Mkufunzi hakutaka kumdanganya. "Utamsaidia mwalimu. Utamwandalia."

"Ahsante sana, mwalimu," Mama Maabara alisema, na akaomba kuonyeshwa choo cha wanafunzi. Alikwenda, akarudi, akasema nacho ni safi.

Njiani Katibu alikuwa anaongea peke yake kwa wawili. Umeona mizani? Umeona yule mzee anavyokuheshimu? Na nyumbani unalala kitandani kwako. Mama aliitikia kila neno, "Ndiyo, nimeona."

Chuo kikuu walikwenda wiki iliyofuata kwa basi la alfajiri. Walifika saa sita na vumbi la safari mabegani. Kwenye ofisi ya udahili karani alinyoosha mkono akampa Katibu fomu, akamwambia, "Dada, jaza hapa. Mama anaweza kupumzika kwenye benchi."

"Mwanafunzi ni huyu," Katibu alisema.

Karani aliangalia barua, akamwangalia mama, akarudi kwenye barua. "Samahani sana, mama."

"Usijali, mwanangu. Nipe kalamu."

Alijaza fomu ya wageni palepale wima, wakaelekezwa jengo la sayansi. Ghorofa nne, ngazi tupu. Ghorofa ya tatu mama alisimama kuvuta pumzi, akashika ukingo, na kundi la vijana likawapita mbio, wakawaamkia kwa heshima mno, kwa namna wanavyoamkiwa bibi zao. Katibu aliona na moyo ukamwuma. Alijiona anawaza kuwa angalau safari hii itamaliza ubishi.

Maabara ya mwaka wa kwanza ilikuwa na watu thelathini hivi. Mhadhiri alikuwa mwanamke mdogo kwa umri kuliko Mama Maabara, na walipokutana mlangoni kulikuwa na kigugumizi cha nani amwamkie nani, hadi mhadhiri alipokata shauri. "Shikamoo, mama. Karibuni." Aliisoma barua, akasema wanaweza kukaa nyuma na kuangalia.

Wanafunzi walikuwa wakifanya jaribio ambalo Katibu alilikumbuka toka shuleni, na ambalo lilimnyima raha enzi zake. Unadondosha alikali tone kwa tone kutoka kwenye mrija mrefu wenye bomba dogo chini, uitwao bureti, kuingia kwenye chupa ya tindikali iliyotiwa dawa ya rangi. Maji yanabaki meupe, yanabaki meupe, halafu tone moja tu linayageuza kuwa waridi hafifu, na hapo unafunga. Ukichelewa kufumba na kufumbua, umeharibu. Karibu meza zote zilikuwa na chupa za waridi iliyoiva kama sharubati.

Mama Maabara alivumilia kwa dakika kumi. Kisha akamwambia binti wa meza ya karibu, kwa sauti ya chini, "Mkono wako wa kushoto ndio ushike bomba. Wa kulia utikise chupa. Umebadilisha."

Mhadhiri alisikia, akaja. "Umewahi kulifanya hili, mama?"

"Nimewahi kuwaandalia wanaofanya."

"Kulifanya mwenyewe?"

"Wakishaondoka, ndiyo. Dawa zinazobaki huwa zinamwagwa. Kabla ya kuzimwaga, mimi hufanya."

Katibu alimgeukia. Miaka kumi na tisa, na hakuwahi kulisikia hilo. Siku zote mama alipochelewa kurudi, walidhani chupa zilikuwa nyingi.

"Fanya," mhadhiri alisema, akamwachia meza.

Mama alivua saa. Aliosha bureti kwanza kwa maji, halafu kwa dawa yenyewe, jambo ambalo wengi wa pale hawakulifanya. Aliinama hadi jicho likawa usawa wa alama. Alifungua bomba, na mkono wake wa kulia ukaanza kuzungusha chupa kwa mwendo uleule mmoja, bila haraka, bila kusimama, kama anayebembeleza mtoto ambaye karibu analala. Alipokaribia alipunguza, tone, akangoja, tone, akangoja, akafunga. Waridi iliyokuwa ndani ya chupa ilikuwa hafifu kiasi kwamba Katibu ilimbidi aweke karatasi nyeupe nyuma ili aione. Mama alirudia mara ya pili na ya tatu. Vijana walikuwa wamekwisha kusogea. Vipimo vyake vitatu vilitofautiana kwa tone moja.

Mhadhiri hakumsifu. Alichukua chaki, akaziandika zile namba ubaoni, akawaambia wanafunzi wake, "Nakilini hizi. Zenu futeni." Na Katibu, aliyekuja na hoja zake zote kichwani, alijikuta amesimama na karatasi nyeupe mkononi, asijue aiweke wapi.

Darasa lilipotoka, mhadhiri aliwakalisha ofisini kwake, kijichumba chenye vitabu hadi sakafuni.

"Nitakuambia ukweli," alisema. "Kwa miaka niliyokaa hapa, wanafunzi wa umri wako walikuwa wanne. Wawili walimaliza."

"Wawili wengine?"

"Mmoja aliugua. Mmoja aliona aibu kuuliza, akaachwa nyuma mpaka akashindwa kurudi."

"Hesabu za hapa zikoje?"

"Ngumu. Mikono hii haitakusaidia huko."

"Na ada. Kuna kazi humu mwanafunzi anaweza kufanya? Chupa za watu thelathini haziwezi kujiosha."

Mhadhiri alicheka kwa mara ya kwanza. Alisema zipo saa za usaidizi wa maabara, zinaombwa muhula wa pili, na waombaji ni wengi. Hakuahidi kitu. Mama Maabara alimshukuru kwa kutomwahidi kitu.

Kwenye basi la kurudi, walipofika nusu ya njia, Katibu alijitutumua.

"Mama, umewashangaza, sikatai. Mimi mwenyewe nimeshangaa. Lakini ile ngazi. Na watoto wenyewe ni wadogo kuliko mimi. Na baba abaki na nani?"

"Baba yako ana miaka hamsini na moja, mikono miwili, na jiko analijua lilipo."

"Sijamaliza."

"Najua. Maliza basi. Lile linalokukaa rohoni."

Katibu aliangalia dirishani. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka mitatu ili asomee uhasibu, kozi ya mwaka mmoja ya jioni. Hakuna aliyeijua akiba hiyo. Toka barua ya pili itoke, alikuwa anaona kama imeanza kuondoka yenyewe, maana hakuona namna ya ada ile kulipika bila yeye. Akasema yote, kwa sauti ya mtu anayeungama.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Hiyo pesa ni ya uhasibu," alisema. "Sitaigusa, na ukiniletea nitakurudishia mbele ya baba yako. Mimi nikisoma kwa kukuzuia wewe, nitamfundisha mtoto wa nani?"

Katibu alilia kidogo, upande wa dirishani, kwa kuona haya. Alikuwa amemfikiria mama yake kama mteja mwingine wa dukani, wa kushauriwa kwa huruma, kumbe muda wote yule mwanamke alikuwa ameshamhesabu na yeye.

Siku ya tano tangu safari, asubuhi, mama alikuwa akipiga pasi mashuka meupe ya saluni, na Katibu akiyakunja.

"Nimevipima vyote viwili kwa siku yake mbaya," mama alianza, bila utangulizi. "Siku nzuri hazinisumbui, popote nitazifurahia. Siku mbaya ya chuo cha ufundi naijua. Nitakuwa nimesimama na cheti changu ukutani, namwona mtu anawaeleza watoto kitu kwa namna isiyoeleweka, nami naosha chupa. Siku mbaya ya chuo kikuu ni kuanguka hesabu mbele ya watoto wadogo kuliko wewe." Aligeuza shuka. "Kuanguka hesabu nimeshazoea. Ile nyingine ndiyo siiwezi tena."

"Na ada?"

"Mwaka wa kwanza ni kiinua mgongo changu. Miaka kumi na tisa haitoki bure. Mwaka wa pili baba yako amesema atalaza ule mpango wake wa kununua kiti cha tatu cha saluni. Nimemuuliza mara tatu, kwa siku tatu, kama ana hakika."

"Alijibuje?"

"Mara ya tatu alisema, nimekuoa, sikukuajiri, usiniombe ruhusa kila asubuhi."

"Wa tatu na wa nne?"

"Sijui," mama alisema, na alilisema waziwazi kama anavyosema mtu aliyekwisha kulitazama jambo hilo pande zote. "Hapo ndipo pana shimo. Nitalifikia nikiwa na miaka miwili ya masomo kichwani, na hiyo hakuna wa kuninyang'anya."

Katibu aliliweka shuka aliloshika juu ya mengine. Alipoingia chumbani aliitoa ile karatasi ya safu mbili, akaitazama. Kila kilichoandikwa humo kilikuwa kweli, ila yeye hakuwa ameacha nafasi ya kuandika mama yake alikuwa anataka nini.

Mkuu wa shule hakupendezwa. Alikuwa amepigania ile nusu ya ada kwenye bodi, na sasa aliyepiganiwa anaaga. Likizo bila malipo ya miaka minne mama alikuwa ameshaiomba na kunyimwa, kwa hiyo akaandika barua ya kuacha kazi. Aliiandika kwa mkono, Katibu akaichapa, na wiki ya mwisho mama alimfundisha mhudumu mpya kila kitu, hadi namna ya kuufungua ule mlango wa stoo unaokwama.

Siku ya kuripoti walikwenda wawili tena. Fomu ya bweni ilidai jina na sahihi ya mzazi au mlezi. Wazazi wa Mama Maabara walikuwa wamekwisha kutangulia zamani. Mama alimsukumia Katibu kalamu. Katibu alisaini, na kwenye nafasi ya uhusiano akaandika "mtoto". Karani alisoma, akaguna, akapiga muhuri.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya ghorofa mbili na wasichana watatu waliosimama ghafla mama alipoingia, wakidhani ni mlezi wa bweni. Mama aliwaamuru wakae, akawauliza nani hulala juu, akasema yeye atalala chini kwa sababu magoti hayataki sifa. Waliangua kicheko. Katibu alitandika kitanda, akapanga nguo, akakagua dirisha kama linafunga, akakagua tena, hadi mama yake akamwambia basi litamwacha. Getini aligeuka nyuma. Mama alikuwa ameshaanza kupanda ngazi za nje za bweni, mkono kwenye ukingo, anasimama kila baada ya ghorofa.

Mwaka wa kwanza hesabu zilimwangusha, kama alivyosema. Alipiga simu kuwaambia kabla matokeo hayajabandikwa, kwa sauti ile anayoitumia kueleza kuwa mvua imenyesha. Alirudia. Wale wasichana watatu walimfundisha kila Jumamosi, naye akawafundisha kushika bureti, na mwishowe alipita kwa alama mbili juu ya mstari. Saa za usaidizi wa maabara alizikosa muhula wa pili, akaomba tena, akazipata mwaka wa pili. Zililipa bweni na chakula. Ada ya mwaka wa tatu, iliyolipwa na saluni kidogo kidogo, ilichelewa hadi akazuiwa kufanya mtihani mmoja, nao akaufanya baadaye, peke yake, kwenye chumba chenye msimamizi aliyekuwa akisinzia. Mdogo wake Katibu aliingia kidato cha sita na ripoti zilizosainiwa na kinyozi. Katibu alimaliza kozi yake ya uhasibu, akaanza kutunza vitabu vya maduka matatu, na la uchapaji likiwemo.

Mwaka huohuo wa tatu wanafunzi wa ualimu walipelekwa mashuleni kufundisha kwa majaribio. Mama alipangiwa shule ya mji mwingine kabisa, ambako hakuna aliyewahi kumjua kwa jina la maabara. Katibu aliomba ruhusa ya siku moja, akaenda. Alifika kipindi kimeanza, na mlinzi akamruhusu kusimama kwenye ukumbi mwembamba ulio pembeni ya madarasa.

Alimwona kupitia dirishani. Mama alikuwa na gauni la kijani ambalo Katibu hakulijua, na miwani, kitu kingine kipya. Darasa lilijaa hadi ukutani. Alikuwa ameuliza swali, kwa nini msumari wa nje unapata kutu na wa ndani haupati, na amemchagua msichana wa nyuma kabisa, yule wa aina ambayo walimu hawamchagui kwa kuwa hanyooshi mkono. Msichana alisimama, akatazama chini. Wenzake walianza kunong'ona jibu. Mama aliinua kiganja, wakanyamaza.

Akangoja. Katibu alidhani atamsaidia. Hakumsaidia. Hakumkodolea macho pia. Alisimama tu, ametulia, anamtazama mtoto yule kama mtu mwenye muda wote wa dunia na asiye na shaka hata kidogo kuwa jibu lipo njiani. Ukimya ulikuwa mrefu mpaka Katibu, huku nje, akaanza kulitafuta jibu yeye mwenyewe.

"Mvua," msichana alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Unapata maji. Na hewa."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili, mwalimu."

"Andika ubaoni," mama alisema, akampa chaki, akasogea pembeni kumpisha.